Kujenga kituo cha umeme na mvuke kwa gesi ya Ziwa Kivu, upande wa Goma

Kabla ya kuomba bei ya tabini hata moja (mashine ya mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto au mvuke), chukua daftari uzunguke kwa watu wanaochoma kuni, makala na mazutu ili wapate maji ya moto au mvuke: watengeneza sabuni, wasindikaji wa maziwa ya Masisi, wachoma kahawa, hospitali zenye dobi na jiko kubwa, wakaushaji wa samaki wadogo wa sambaza. Andika kila mmoja anahitaji mvuke tani ngapi kwa saa, kwa presha gani, saa ngapi za siku, na yuko mita ngapi kutoka kiwanja unachokitaka. Daftari hilo ndilo litakaloamua ukubwa wa mtambo. Wengi huanza na megawati za umeme, mvuke wakauacha utafutiwe mteja baadaye. Mteja asipopatikana, joto lote linapanda na moshi.

Si wazo geni kando ya ziwa hili. Gesi ya Kivu ilipoanza kutumika, upande wa Rwanda kule Rubona, kuanzia 1963, ilipelekwa kwenye boila za kiwanda cha bia cha Gisenyi. Umeme ulikuja baadaye. Kituo cha KivuWatt cha Karongi, chenye megawati 26, kilikamilika miaka ya 2015 na 2016, nacho kinatumia injini za gesi, si tabini.

Utaratibu wa mtambo wenyewe ni huu. Gesi inachomwa ndani ya tabini ya gesi, tabini inazungusha jenereta. Moshi unatoka ukiwa na nyuzi karibu 500, unaingia kwenye boila isiyo na moto wake na kuchemsha maji. Mvuke wa presha ya juu unazungusha tabini ya pili na kuongeza umeme, kisha unatoka ukiwa bado na joto la kutosha kwenda viwandani. Mvuke uliopoa na kuwa maji kwa wateja unarudi kwenye boila. Gesi ileile imefanya kazi tatu.

Hesabu ya mtambo mmoja

Chukua tabini iliyoandikwa megawati 15. Namba hiyo ni ya usawa wa bahari na hewa ya nyuzi 15. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Kanieneo ya hewa hapa ni karibu milibaa 845 badala ya 1,013, kwa hiyo kila mzunguko wa kompresa ya tabini unameza hewa pungufu kwa asilimia 16 hivi. Ongeza hewa ya nyuzi 20, chujio la kuingilia na ukinzani wa boila upande wa moshi, utabaki na megawati 12. Anayekuuzia kwa bei ya 15 mwambie aandike kwenye mkataba megawati atakazokupa Goma, si za usawa wa bahari.

Kwa megawati 12 na ufanisi wa asilimia 34, unachoma joto la megawati 35. Hiyo ni methani safi (gesi inayowaka iliyomo ziwani) mita za ujazo 3,500 kwa saa, zikipimwa kwa nyuzi sifuri na presha ya usawa wa bahari. Moshi ni kilo 42 kwa sekunde. Boila ya presha ya baa 40 yenye mvuke wa nyuzi 400 itatoa tani 18 za mvuke kwa saa. Ukiupitisha kwenye tabini ya mvuke ya kutolea kwa baa 4, unapata megawati 2 za umeme, na tani zote 18 zinaendelea kwa wateja, zikiwa na joto la megawati 12 na ushee. Moshi ukitoka kwenye sehemu hizo bado una nyuzi 190. Ongeza safu ya mwisho ya mabomba ya maji ya moto, ushushe moshi hadi 130, utapata megawati 2.8 nyingine kwa ajili ya dobi, bafu na kuosha vyombo vya maziwa. Ukitoa umeme unaoliwa na mtambo wenyewe, karibu asilimia 80 ya nguvu ya gesi inafika kwa mtu anayeilipia.

Mvuke huohuo ukiupeleka wote kwenye kondensa (kipoza kinachougeuza kuwa maji) kwa sababu hakuna mteja, tabini ya mvuke itatoa megawati 4 na kidogo, na ufanisi wa jumla utakuwa asilimia 45 hivi. Injini nzuri ya gesi inafika hapo peke yake, bila boila wala maji ya kusafishwa, na mwinuko wa Goma hauipunguzii nguvu kama unavyoipunguzia tabini, maana ina kisukuma hewa chake. Kwa hiyo wateja wako wakihitaji chini ya tani 8 za mvuke kwa saa, nunua injini. Wakizidi hapo, tena mchana na usiku, endelea kusoma.

Mteja mmoja husahaulika: baridi. Mvuke wa baa 4 unaweza kuendesha mashine ya kupoza ya amonia na maji, ikashusha chumba chini ya sifuri bila kompresa kubwa ya umeme. Samaki, nyama na maziwa vyote vinaharibika Goma kwa kukosa baridi, na hitaji hilo halilali usiku.

Gesi inavyotoka ziwani

Ziwa lina takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kabonidioksaidi, zimeyeyuka kwenye maji ya chini, hasa chini ya mita 260. Kina kikubwa kabisa ni mita 485 hivi. Huhitaji kuchimba. Bomba linashushwa kutoka kwenye tishari hadi mita 350 hivi, pampu inaanzisha mwendo, na maji yanapopanda presha inashuka, mapovu yanatokea, safu ya maji inakuwa nyepesi na kuendelea kupanda yenyewe. Chini kidogo ya uso wa ziwa, kwenye mita 20 hivi, kitenganishi kinakusanya gesi.

Kila mita ya ujazo ya maji ya kina hicho ina methani kati ya lita 350 na 400. Usitegemee kuikamata yote. Hesabu lita 300. Kwa mtambo wetu hiyo ni mita za ujazo 12,000 za maji kwa saa, kiasi cha mto mdogo. Kwa sababu hiyo mabomba ya plastiki nene, nanga na tishari hula sehemu kubwa ya fedha, na atakayepanga bajeti akiangalia tabini tu atakwama majini.

Gesi ghafi imejaa kabonidioksaidi na ina salfidi hidrojeni, gesi ya sumu. Inaoshwa kwa maji ya ziwa ndani ya mnara wenye presha: kabonidioksaidi huyeyuka majini karibu mara 25 kuliko methani, hivyo inaondoka na maji huku methani ikibaki. Ukiosha kidogo, gesi inabaki nzito na dhaifu. Ukiosha kupita kiasi, methani nayo inaondoka. Lenga asilimia 80 hadi 85 ya methani, kisha mpe mtengeneza tabini uchambuzi kamili wa gesi kabla hajachora vichomeo. Gesi yenye asilimia 20 ya kabonidioksaidi hupitisha kwenye kichomeo kilekile joto pungufu kwa karibu theluthi moja, na vichomeo vya kawaida havivumilii tofauti hiyo: moto unayumba, unazimika mzigo ukishuka, au chemba inatetemeka mpaka kuta zake zipasuke.

Maji yaliyokwisha kutoa gesi yarudi kwenye tabaka lake. Hapa hakuna mjadala. Kinachoshikilia gesi chini ni utengano wa tabaka: maji ya chini ni mazito kwa chumvi na kabonidioksaidi, ya juu ni mepesi. Ukimwaga maji ya kina juu ya ziwa, unaleta salfidi, unaua samaki na kulisha mwani. Ukiyarudisha mahali pasipofaa, unadhoofisha mpaka wa tabaka ulioko karibu na mita 260. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun lilitoa kabonidioksaidi usiku mmoja na kuua watu zaidi ya 1,700, na Nyos ni dogo sana ukililinganisha na Kivu. Kina cha kurudishia kichaguliwe na wataalamu wa ziwa baada ya vipimo vya joto, chumvi na gesi, na vipimo hivyo viendelee muda wote mtambo unapofanya kazi. Ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, usiitumie kama eneo la kawaida: huko maji yenye kabonidioksaidi nyingi yanaanzia mita 12 hivi tu.

Kwa upande wa sheria, gesi ya ziwa iko chini ya sheria ya Kongo ya hidrokaboni namba 15/012 ya 2015, na umeme uko chini ya sheria namba 14/011 ya 2014 iliyofungua milango kwa wazalishaji binafsi. Ni vibali viwili tofauti. Kimoja hakileti kingine, kwa hiyo fuatilia vyote kwa wakati mmoja.

Kiwanja

Mji umekaa juu ya lava. Milipuko ya volkano ya Nyiragongo ya 1977, 2002 na 2021 imeacha mwamba mgumu juu wenye mapango na mifereji mitupu chini. Toboa mashimo ya uchunguzi angalau manne chini ya kila msingi mzito, mpaka mita 15 au 20, na usiridhike na mwamba unaolia vizuri kwa nyundo. Pango likipatikana, lijazwe zege kwa presha au msingi uhamishwe. Msingi wa tabini utenganishwe na sakafu ya jengo, ili mtikisiko wa mashine na wa ardhi visibebane. Epuka mabonde yaliyopitiwa na lava ya 2002 na 2021, maana lava hufuata njia za chini.

Halafu kuna mazuku. Kila mtu wa Goma anajua kwamba kwenye mabonde fulani hewa nzito, yaani kabonidioksaidi, hulala chini na kuua mbuzi, na mtoto akiingia asubuhi anaweza asirudi. Mtambo una mifereji ya nyaya, mashimo ya pampu na vyumba vya chini, yaani mabonde uliyoyachimba mwenyewe. Pima kabonidioksaidi kiwanjani alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kwa majuma kadhaa kabla ya kununua. Inapowezekana, mifereji yote iwe juu ya ardhi. Isipowezekana, weka vipimaji sentimita 30 kutoka sakafuni, vilie kwa asilimia 0.5, na feni za kuvuta kutoka chini. Vipimaji vya methani vikae darini kwa sababu methani hupanda. Vya salfidi hidrojeni vilie kwenye sehemu 10 kwa milioni. Pua haiaminiki, maana kiasi kikubwa cha gesi hiyo huua uwezo wa kunusa.

Hewa ya tabini nayo inahitaji uangalifu. Volkano inapovuta, moshi wake una gesi ya salfa na majivu makali kama kioo. Weka machujio ya hatua tatu, la mwisho liwe la daraja la juu kabisa linaloruhusiwa na mtengenezaji, na uweke akiba seti nzima ghalani. Radi ni nyingi mno huku mashariki: vikinga radi kwenye kila mlingoti, na udongo wa lava haupitishi umeme vizuri, hivyo waya wa ardhini uzungushwe kiwanja chote na kushushwa mpaka kwenye maji ya ziwa au udongo wenye unyevu. Swichi za volteji kubwa nazo hupoteza uwezo wa kuhimili cheche, takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 juu ya mita 1,000. Agiza zilizopimwa kwa mita 1,500.

Bomba la gesi, kompresa, boila

Gesi iliyooshwa inafika ufukweni ikiwa na unyevu na kabonidioksaidi, na viwili hivyo pamoja ni asidi inayokula chuma cha kawaida. Tumia plastiki nene majini na chuma cha pua nchi kavu mpaka kwenye kikaushio. Salfidi iliyobaki inanaswa kwenye matangi ya chembe za oksidi ya chuma. Weka mawili, moja likifanya kazi wakati lingine linabadilishwa chembe. Chembe zilizotumika huwaka zikikutana na hewa kavu, kwa hiyo ziloweshwe kabla tangi halijafunguliwa. Hapo watu wameungua.

Tabini inataka gesi kwa baa 20 hadi 30, na gesi ya ziwani inafika na baa chache tu. Kompresa ya gesi itakula karibu nusu megawati. Nunua mbili, kila moja iweze mzigo wote, kwa sababu kompresa ikisimama kituo kizima kinasimama. Baada ya kompresa pasha gesi joto, izidi kiwango chake cha kutonesha maji kwa nyuzi 25 hivi. Tone moja la maji au mafuta likifika kwenye kichomeo hutoboa kuta za chemba. Kwenye mlango wa tabini ziwe vali mbili za kufunga, na kati yake vali ya kutolea nje, ili vali inayovuja isijaze chemba gesi wakati mashine imesimama.

Maji ya boila ndiyo yanayoua mitambo ya namna hii polepole. Maji ya Kivu ni ya kialikali, pH karibu 9 juu ya ziwa, yamejaa magnesi na bikaboneti. Ukiyachemsha hivyo utapata ukoko mgumu ndani ya majuma machache. Yachujwe mchanga, yapite kwenye utando wa kuchuja chumvi, kisha kwenye resini (chembe zinazonasa chumvi zilizobaki) mpaka silika na ugumu visionekane kwenye kipimo. Silika kwenye mvuke isizidi miligramu 0.02 kwa kilo, la sivyo inaganda kwenye mapanga ya tabini na kupunguza nguvu mwezi hadi mwezi. Oksijeni iondolewe kwenye tangi la nyuzi 105. Zingatia geji: kwa mwinuko huu nyuzi 105 ni baa 0.36 juu ya hewa ya nje, si 0.2 kama vitabu vya pwani vinavyoonyesha. Fundi akiseti 0.2, tangi halitafika nyuzi 105. Pampu inayovuta maji ya ziwa nayo isikae juu sana. Hewa ya Goma inasukuma maji mita 8.6 tu kinadharia badala ya 10.3, na kiutendaji usizidi mita 4 au 5.

Pima maji yanayorudi kutoka kwa wateja. Kama mtengeneza sabuni ana bomba linalovuja ndani ya tangi la mafuta, maji yake yakirudi yatatoa povu kwenye boila yako. Weka kipima upitishaji umeme kwenye kila bomba la kurudi, na vali inayoyamwaga yenyewe yakichafuka.

Bomba la mvuke kwa wateja lisizidi kilomita moja au mbili. Chuma kikipanda nyuzi 200 hurefuka sentimita 24 kila mita 100, kwa hiyo lipewe mikunjo ya kujinyoosha. Liinamie upande mvuke unakokwenda, sentimita 1 kwa kila mita, na kila mita 30 hadi 50 liwe na mtego wa kutolea maji. Asubuhi bomba likiwa baridi, vali ifunguliwe kidogo kidogo kwa nusu saa. Mvuke ukikimbia nyuma ya maji yaliyolala, maji hugonga kona kama nyundo na kupasua flanji.

Kuwasha

Jaza boila na mabomba maji, pandisha presha hadi mara moja na nusu ya ile ya kubuniwa, shikilia na kagua kila weldi. Chemsha kwa dawa ya kialikali kutoa mafuta ya kiwandani. Kisha puliza mvuke nje kupitia mabomba yote ya tabini ya mvuke ikiwa bado haijaunganishwa, ukiweka bamba la shaba iliyong'arishwa mbele ya mkondo. Endelea mpaka bamba likose alama za chembe. Kazi hii hula siku nyingi na kelele zake husikika mtaa mzima. Watangazie majirani mapema, na usiifupishe.

Mabomba ya gesi yasafishwe kwa hewa iliyobanwa au naitrojeni, kamwe si kwa gesi yenyewe. Tarehe 7 Februari 2010, kwenye kituo kilichokuwa kikijengwa Middletown, Connecticut, Marekani, mafundi walipuliza mabomba kwa gesi, ikalipuka na kuua watu 6.

Kila unapowasha, zungusha tabini bila moto mpaka hewa ijaze na kutoka kwenye njia yote ya moshi angalau mara 5. Gesi iliyolala ndani ya boila baada ya jaribio lililoshindwa ndiyo inayolipua boila kwenye jaribio linalofuata. Mafundi waliochoka saa nane za usiku hutaka kuruka hatua hii, kwa hiyo iandikwe kwenye programu ya kudhibiti, isiweze kurukwa.

Gridi ya mji ni dhaifu na hukatika. Mtambo uweze kujitenga na kubaki ukiendesha viwanda vyako tu, na mvuke uwe na njia ya pembeni ya kupita tabini ya mvuke inapojifunga. Weka grupu (jenereta) la mazutu la kilowati 800 au 1,000 la kuamshia kituo umeme wote ukikatika. Lijaribiwe kila juma likiwa na mzigo halisi, si kuunguruma tupu.

Mwaka wa kwanza, osha kompresa ya tabini kila mwezi na kila baada ya majivu kuanguka, ingiza kamera ndogo kwenye chemba baada ya saa 4,000, na fungua kifuniko cha ngoma ya boila kwenye usimamishaji wa kwanza. Ukoko mweupe ndani yake unamaanisha resini imechoka; wekundu unamaanisha oksijeni. Vipuri vya vichomeo, seti ya machujio na beringi za kompresa viwe tayari ghalani Goma, maana mzigo kutoka Mombasa kupitia Kampala, au Dar es Salaam kupitia Rusumo na Kigali, unaweza kusimama mpakani wiki nzima au zaidi wakati boila za wateja zimepoa.